Tundu kwenye shina la mti: nani amelitoboa, na je, bado yumo ndani?

Mjomba wangu wa Muheza alikuwa na mwembe wa dodo uliokuwa ukizaa tangu sijazaliwa. Mwaka mmoja akaona tundu limefunguka ubavuni, ukubwa wa bakuli la uji, pale tawi lilipokuwa limekatwa zamani kupisha paa la jiko. Akamwita fundi mwashi. Wakachanganya saruji, mchanga na kokoto, wakaliziba, kisha wakalipiga lipu safi kama ya sebuleni. Wote tuliopita tukasifia. Miaka michache baadaye upepo wa kusi uliuangusha, na tulipokwenda kutazama tukakuta shina limevunjika palepale penye saruji. Saruji yenyewe ilikuwa nzima, imesimama wima kama sanamu. Mbao iliyoizunguka ndiyo iliyokuwa nyeusi, laini na yenye maji, kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea picha ya tundu kwenye simu na kuniuliza "nitie dawa gani?", namjibu kwa swali. Tundu ni mlango. Kabla ya kuuziba au kumwaga sumu, bisha hodi: nani aliufungua, na bado yumo au alishahama? Matundu mengi ninayoonyeshwa yaliachwa na mwenyewe miezi au miaka mingi iliyopita, na dawa inayomwagwa humo haimpati mtu. Kuna machache ambayo mwenyewe yumo, anatafuna usiku na mchana, na siku chache za kuchelewa zinaweza kukugharimu mti.

Kwanza, jambo moja kuhusu mti wenyewe

Kidonda chako kinapopona, mwili hujenga nyama mpya mahali pa ile iliyokufa. Mti hauwezi hivyo. Mbao iliyoharibika hubaki imeharibika hadi mti ufe. Unachofanya mti ni kujenga ukuta: hubadilisha kemikali za mbao inayolizunguka eneo bovu ili uozo usisambae, kisha hukuza mbao mpya nje, ambayo gome lake hujikunja taratibu kama mdomo hadi kufunika jeraha. Aliyeeleza jambo hili kwa ufasaha ni Alan Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa chenso kwa urefu wake, kutoka juu hadi chini, badala ya kuikata vipande vya duara kama ilivyozoeleka. Alichokiona katika miaka ya 1970 kiliwalazimisha watunza miti wengi kuacha saruji, lami na rangi za vidonda, kwa kuwa hazikuzuia uozo, na kulikwangua tundu mpaka "mbao safi" kulibomoa ukuta ambao mti ulikuwa umeujenga kwa miaka.

Kumbuka pia kwamba sehemu iliyo hai ya shina ni nyembamba: gome la ndani, utando wenye utelezi chini yake, na tabaka la mbao changa linalopandisha maji. Kiini cha katikati kimeshakufa, kazi yake ni kubeba uzito tu. Ndiyo maana mkuyu unaweza kuwa na pango la kuingia mtoto na bado ukatoa majani mabichi kila mwaka, huku mkahawa wenye kidonda chembamba kilichouzunguka chini ya gome ukinyauka wote. Kwa hiyo usiogope tundu kwa ukubwa wake. Linaloua upesi ni lile linalokata njia ya chakula na maji kuzunguka shina.

Hatua ya 1: Usiguse kitu bado

Chukua rula, tochi, kisu kidogo, spoku ya baiskeli, nyundo ya mbao au mpini wa jembe, kiroba cheupe na donge la udongo wa mfinyanzi. Usitie mkono ndani ya tundu lolote usiloona mwisho wake. Nyoka, nyuki, nge, popo na komba wote hupenda nyumba ya bure, na baadhi yao hawapendi wageni.

Andika, au piga picha rula ikiwa pembeni: tundu liko kimo gani kutoka ardhini, lina upana gani, lina umbo gani, ukingo wake ni mkali kama uliokatwa kwa keekee au umevimba na kujikunja, na kitu gani kinatoka humo. Kisha tazama juu. Majani ya upande huo ni sawa na ya upande mwingine? Ncha za matawi zimekauka? Mti mgonjwa huonyesha kichwani mapema kuliko mguuni.

Hatua ya 2: Bisha hodi

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakina gharama. Jioni, fagia unga wote wa mbao chini ya mti na kwenye mikunjo ya gome, kisha tandaza kiroba cheupe kuzunguka shina. Kandika udongo mbichi juu ya kila tundu, mwembamba tu, kama mtu anayeziba ufa wa ukuta. Asubuhi rudi. Ukikuta unga mpya kwenye kiroba, au udongo umetobolewa na kusukumwa nje, mwenye nyumba yumo. Rudia usiku tatu, maana wengine hupumzika. Udongo ukikauka bila kuguswa na kiroba kikabaki cheupe, una tundu tupu mbele yako.

Unga wenyewe husema mengi. Laini kama poda ni kazi ya mbawakawa aliyekomaa anayetoboa mbao. Nyuzi ndefu zilizochanganyika na chembechembe kama machicha ya nazi ni za buu mkubwa, hasa wa jamii ya mbawakawa wenye papasi ndefu. Vijiti vyembamba vya unga vinavyosimama nje ya tundu kama njiti za kuchokolea meno, vinavyovunjika ukivigusa, ni vya mbawakawa wadogo wanaolima kuvu. Unga wa rangi ya kahawia uliogandamana na utomvu una maana kwamba mti unapigana, unajaribu kumzamisha mvamizi.

Gonga pia shina kwa nyundo, kuanzia chini hadi kimo cha kichwa, ukizunguka. Mbao nzima hutoa sauti kavu, fupi. Penye pango hulia kama ngoma. Chora kwa chaki mpaka wa sauti ya ngoma, utauhitaji kwenye hatua ya 6. Na kukiwa kimya mchana, bandika sikio kwenye gome: buu mkubwa anayetafuna husikika, kama panya anayekwaruza kwenye dari.

Hatua ya 3: Soma umbo la tundu

Hapa ndipo penye kazi, kaa kwa utulivu.

Vitundu kama vya pini, chini ya milimita 2, vingi pamoja. Hao ni mbawakawa wadogo weusi au kahawia, wadogo kuliko punje ya mchele. Jike hutoboa, lakini hali mbao: huingia na mbegu za kuvu, huzipanda kwenye kuta za handaki, na watoto wake hula kuvu hiyo. Kwenye shina nene kwa kawaida huja pale mti ulipokwisha kudhoofika kwa ukame, maji yaliyotuama kwenye mizizi au jeraha. Usihangaike nao, tafuta kilichoudhoofisha mti. Kwenye mkahawa wa robusta ni habari nyingine. Wakulima wa Uganda wanamjua mdogo mmoja, Xylosandrus compactus, anayetoboa kitundu kimoja upande wa chini wa tawi changa zima, na tawi hilo hugeuka jeusi na kukauka. Dawa yake ni mkasi: kata tawi chini ya tundu na ulichome siku hiyohiyo.

Tundu lenye umbo la herufi D, upande mmoja bapa. Hilo ni la kutokea, si la kuingilia. Aliyetoka ni mbawakawa wa jamii ya wale wanaong'aa kama shaba, ambao mabuu wao ni bapa na hukaa chini ya gome. Utayaona sana kwenye migunga iliyopigwa na jua au iliyokwisha kufa upande mmoja.

Tundu la mviringo au la umbo la yai linaloingia penseli. Hapa simama. Kama ni mkahawa wa arabika na tundu liko karibu na ardhi, mtuhumiwa wa kwanza ni bungua mweupe wa shina, Monochamus leuconotus, adui wa zamani wa wakulima, hasa kwenye mashamba ya ukanda wa chini wenye joto. Jike hutaga chini ya gome, karibu na ardhi. Buu akianguliwa hutafuna kwanza chini ya gome akizunguka shina, na mzunguko huo ndio unaoua mti. Baadaye huingia ndani ya mbao na hata kwenye mizizi. Maisha yake hadi kutoka huchukua karibu miaka 2, na wakubwa hutoka mvua zinapoanza. Kwa maana hiyo, tundu safi la penseli unaloliona leo ni la aliyeondoka. Usilizibe ukaridhika. Chokonoa gome la chini, tafuta unga na makovu ya mzunguko, kwa sababu ndugu zake wadogo huenda wamo. Mkahawa mchanga wenye majani ya njano unaoyumba ukiusukuma kwa kidole umeshazungushwa.

Mstari wa vitundu vidogo kwenye tawi au shina la mkahawa, umepangika kama matundu ya filimbi. Huyu ni bungua mwenye kichwa cha njano, Dirphya nigricornis. Huanzia ncha ya tawi, hushuka ndani kuelekea shina, na kila anaposhuka hufungua dirisha la kutupia taka. Madirisha ya juu ni ya zamani, la chini kabisa ndilo la sasa. Buu yuko chini yake. Ukikata tawi juu ya tundu la mwisho, umemwachia nyumba. Kata chini yake, na hakikisha mbao uliyokata ni nzima bila handaki.

Tundu moja safi la duara, karibu sentimita 1, kwenye mti ulio hai kabisa: mkorosho, mpera, mwembe, mwarobaini, mchungwa. Ukiona poda ikidondoka humo, huenda umemkuta mbawakawa mweusi wa jamii ya Apate, mwenye kichwa kilichoinamishwa chini ya mabega kama mtu aliyejifunika kofia ya mvua. Huyu hatagi humo. Mtu mzima ndiye anayejitoboa ndani ya mti hai kula, kisha hurudi kuzaa kwenye mbao kavu, kwenye magogo na matawi uliyoyaacha shambani. Ni ukoo mmoja na dumuzi, yule aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akamaliza mahindi ghalani hadi watu wakamwita Skania. Ukoo wote ni wa watoboa mbao. Mahindi yalikuwa nyongeza tu.

Shina la mkorosho lenye unga wa kahawia na gundi, gome limekwaruzwa. Hapo kuna mbawakawa mwenye pua ndefu, Mecocorynus loripes, rangi ya kijivu cheusi na mgongo wenye vinundu, asiyejificha sana. Unaweza kumwokota kwa mkono. Mabuu wake hawana miguu na huchimba chini ya gome. Wakulima wa Mtwara na Lindi wanajua kwamba mkorosho mmoja uliozidiwa, ukiachwa, huambukiza jirani zake wote.

Tundu la duara kama linaloingia kidole, kwenye tawi kavu au nguzo, na nyuki mkubwa mweusi anavuma karibu yake. Anachimba mbao iliyokufa tu, na maua yako yanamhitaji. Mwache.

Tundu linaloingia yai au ngumi, juu, mara nyingi upande wa chini wa tawi. Ni kazi ya ndege, kigong'ota au zuwakulu. Watu humlaumu kigong'ota kwa kuua mti, lakini yeye huchagua mbao ambayo kuvu imeshailainisha. Mdomo wake unakupa taarifa ya uozo uliokuwepo. Akishahama, huingia kasuku, popo, nyuki au hondohondo. Hondohondo hawezi kuchimba, hutafuta pango lililopo, kisha jike hujifungia ndani kwa tope na kuacha ufa mwembamba wa kupokelea chakula kutoka kwa dume. Ukiona tundu limekandikwa tope na mdomo unachungulia, mti wako umepata mpangaji wa heshima.

Hapa niseme jambo kuhusu simu zetu. Ukitafuta picha mtandaoni utaonyeshwa mistari myembamba ya vitundu vilivyopangwa kama gridi, na maelezo ya ndege anyonyaye utomvu. Ndege huyo ni wa Amerika, huku kwetu hayupo. Vivyo hivyo yule mbawakawa wa kijani aliyeangamiza mamilioni ya miti ya ash kule Marekani. Ukiwa Minneapolis na una mti wa ash uani, tundu la D ni habari mbaya sana. Ukiwa Morogoro, hapana.

Pango lenye ukingo uliovimba na kujikunja ndani. Fuatilia historia yake: ni tawi lililokatwa vibaya au kuvunjika. Kisiki cha tawi kilichoachwa kirefu hufa, kuvu huingia kupitia humo kama utambi, na baada ya miaka 5 au 10 kinaoza na kudondoka, kikiacha jicho. Uozo wenyewe ulianza siku ya panga. Kama pembeni pana uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu, uozo umefika mbali ndani. Ukiwa chini kabisa kwenye shingo ya mizizi, ni wa kuogopwa zaidi.

Jeraha la pembetatu, pana chini na nyembamba juu, jeusi. Moto. Katika miombo moto wa kiangazi huunguza gome upande mmoja, na mwaka unaofuata huingia kupitia jeraha lilelile, ukichimba zaidi. Mpingo mkubwa uliokuwa ukiungua hivyo mara nyingi hukutwa una uvungu, na wachongaji wanajua: unanunua gogo, unapata nusu gogo.

Gome limebanduliwa kwa kisu, kimo cha kifua. Binadamu. Mwarobaini wa barabarani hauna raha. Kila mwenye homa hupita na kisu chake. Kundi hilohilo lina misumari ya mabango ya waganga, waya wa kamba ya nguo ulioachwa ukamezwa na shina, na mbuzi anayefungwa palepale kila siku. Pia mashine ya kukatia nyasi inayogonga shingo ya mti kila Jumamosi. Gome likiondolewa upande mmoja, mti utajaribu kuliziba. Likiondolewa kuzunguka lote, hata ukanda wa sentimita chache, anza kuchagua mche wa badala yake. Walina asali nao hupanua tundu kwa shoka wakimfuata mlembe, ndege anayewaongoza kwenye nyuki. Hilo utalitambua kwa alama bapa za shoka na nta iliyobaki.

Mnazi. Sheria zote za juu hubadilika. Mnazi hauna ule utando wa kunenepesha shina, kwa hiyo hauwezi kufunika jeraha hata moja. Zile hatua zinazochongwa kwa panga ili mkwezi apande hubaki hapo maisha yote, na kila moja ni kikombe cha maji na mlango wa kuvu. Matundu yanayoua minazi mingi yako juu kwenye kilele: chonga, mbawakawa mwenye pembe, Oryctes monoceros, hutoboa kwenye mashina ya makuti machanga na kuacha nyuzi zilizotafunwa. Kuti likifunguka utaliona limekatwa kama kwa mkasi.

Mbuyu nao una mambo yake. Tembo wa Tarangire na Ruaha huuchimba kwa pembe wakati wa kiangazi kwa ajili ya maji yaliyomo, na mbuyu unaweza kuotesha gome upya mahali palipobanduliwa, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Mapango yake mengine hayakutokana na kuoza hata kidogo. Uchunguzi wa umri kwa kaboni ulioongozwa na Adrian Patrut wa Romania ulionyesha kwamba mibuyu mikubwa mingi ni mashina kadhaa yaliyoungana kwa duara, yakiacha uwazi katikati ambao haujawahi kuwa na mbao. Utalijua kwa kumulika ndani: pango la aina hii lina gome kwenye kuta zake za ndani. Pango la kuoza halina.

Hatua ya 4: Kama yumo

Kwa matundu ya wadudu kwenye mti hai, anza na spoku ya baiskeli. Ikunje ncha kidogo iwe kama ndoana, panua mdomo wa tundu kwa kisu, ingiza kwa upole ukifuata mwelekeo wa handaki hadi uhisi kitu laini, kisha zungusha na uvute. Ncha ikitoka na majimaji meupe au kipande cha buu, umempata. Kwa Apate, elekeza juu zaidi. Kwa bungua wa mkahawa, elekeza chini pia. Mabwana shamba wamekuwa wakifundisha pia kuchovya kipande kidogo cha pamba kwenye mafuta ya taa, kukisukuma ndani na kuziba kwa udongo. Inasaidia kwenye handaki jembamba lenye mdudu. Usimwage mafuta yenyewe ndani ya shina, na usifanye hivyo kwenye pango la kuoza: utaua sehemu hai na kubaki na mti unaowaka kirahisi. Oili chafu ya gari, ambayo jirani yangu huipenda kama dawa ya kila kitu, haina nafasi hapa kabisa.

Rudia kipimo cha udongo wiki nzima. Ukihisi unahitaji sumu, mfuate afisa ugani na ununue iliyosajiliwa kwa mti huo na mdudu huyo. Tanzania usajili huo ni wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; Kenya ni wa PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu. Chupa isiyo na lebo kutoka mnadani, hata muuzaji akiapa, iache mnadani.

Mkahawa au mkorosho uliozungushwa haurudi. Ng'oa na mizizi yake, uchome kabla ya mvua, wakati wadudu wako ndani. Ukiupanga uani kama kuni za baadaye, umewahamishia wadudu karibu na nyumba na mlango uko wazi.

Kwa chonga, waya wa ndoana huondoa aliye kileleni, lakini vita yake iko chini. Huzaliana kwenye magogo ya minazi iliyooza na kwenye lundo la samadi. Pasua magogo uyachome au uyafukie, pindua samadi, na wape kuku yale mabuu meupe yaliyojikunja. Kuku hawahitaji kufundishwa.

Hatua ya 5: Kama hayumo

Usifanye kitu. Natambua ni ushauri mgumu kwa mtu aliyekwisha kushika mwiko. Usizibe kwa saruji: mti hucheza kwenye upepo, saruji haichezi, na katikati yake maji hukaa. Usitoboe tundu la kutolea maji chini ya pango, maana unavunja ukuta wa chini. Usipake rangi wala lami. Ondoa kwa mkono vipande vilivyolegea na takataka tu, bila kukwangua hadi mbao ngumu.

Kuna hali moja ambayo naziba: tundu linalohifadhi maji karibu na nyumba. Mbu wa jamii ya Aedes, wanaoeneza dengi, hapo asili walizaliana kwenye mashimo ya miti kabla hatujawapa matairi na ndoo. Kirusi cha Zika chenyewe kilipewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, na mwaka 1948 kilipatikana humo kwenye Aedes africanus, mbu wa mashimo ya miti. Jaza tundu hilo mchanga mkavu hadi ukingoni, uteremke kidogo kuelekea nje ili mvua imwagike. Mchanga hucheza na mti, na siku ukihitaji kuchunguza unautoa kwa kijiko.

Hatua ya 6: Je, utaanguka?

Kama mti hauwezi kuangukia nyumba, njia, nguzo ya umeme au mahali watoto wanapocheza, ruka hatua hii.

Mti wenye uvungu hufanya kazi kama bomba, na bomba ni imara kuliko watu wanavyodhani. Claus Mattheck wa Karlsruhe, Ujerumani, alilinganisha miti iliyovunjika na iliyobaki imesimama, akapata kipimo kinachotumika sana: ukuta wa mbao nzima usipungue thuluthi moja hivi ya nusu kipenyo cha shina. Fanya hesabu. Zungusha kamba kwenye shina kwenye kimo cha tundu, upime. Tuseme mzingo ni sentimita 190. Gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha karibu 60. Nusu yake ni 30. Thuluthi ya hiyo ni 10. Sasa pima unene wa ukuta kwenye mdomo wa tundu, na tumia mpaka wako wa chaki kujua pango linapanda hadi wapi. Ukuta wa sentimita 10 au zaidi ya mbao ngumu kuzunguka shina, tulia. Ukuta wa sentimita 5, tafuta mtu.

Hesabu hiyo ni ya pango lililofungwa pande zote. Mdomo wa tundu ukiwa mpana, ukila hata thuluthi ya mzingo, bomba limepasuliwa na uimara hupungua mno. Ongeza wasiwasi ukiona ufa mpya, udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa mizizi, uyoga kwenye shingo, au shina lililoanza kulala hivi karibuni. Mti uliozaliwa umelala hausumbui. Na si lazima kukata wote: kupunguza matawi ya juu hupunguza tanga linaloshika upepo, na mara nyingi hilo linatosha. Kazi ya chenso juu ya mti mbovu mpe mwenye kamba na uzoefu, hata kama kijana wa mtaani anataka nusu ya bei.

Hatua ya 7: Usitengeneze tundu la kesho

Tawi likikatwa, litazame linapoungana na shina: pana uvimbe kama ukosi wa shati. Kata nje kidogo ya ukosi huo, usiukate wenyewe wala usiache kisiki kirefu. Tawi zito likatwe mara tatu: mkato wa kwanza chini, hatua moja kutoka shinani, usifike katikati, wa pili juu, mbele kidogo ya wa kwanza, tawi lianguke bila kuchana gome, wa tatu unaondoa kisiki nje ya ukosi. Mwembe wa mjomba ulikatwa kwa mkato mmoja wa panga, gome likachanika futi nzima kwenda chini.

Kwa kahawa, sugua gome la chini kwa gunia au gunzi ili liwe laini, jike akose ufa wa kutagia, na ufanye hivyo kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Siku hizohizo ndizo ninazotandaza viroba vyangu chini ya miti yote ya shamba.